Ushuru wa Nguo Zilizopakwa Plastiki na Mpira

Katika Karagwe na Kyerwa hakuna mkulima wa kahawa asiyelijua turubai. Juu yake huanikwa kahawa ili isiguse udongo, nalo hufunika magunia mvua inapokuja ghafula. Lakini ni wachache wanaojua kwamba turubai lifikapo mpakani laweza kuhesabiwa kuwa nguo, au kuwa plastiki, au kuwa kitu kilichokwisha kushonwa. Na kila hesabu yaweza kuwa na ushuru wake. Mfanya biashara hulipa kwanza, kisha hutia ushuru huo katika bei, na mwisho wake mkulima ndiye aulipaye. Kwa sababu hiyo yafaa jambo hili lielezwe.

Orodha ya bidhaa

Mataifa mengi ya dunia hutumia orodha moja ya kuzipanga bidhaa zote. Mkataba wake ulifanywa Brussels, katika nchi ya Ubelgiji, mwaka 1983, nao ulianza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Orodha hiyo imegawanywa katika sura, na kila sura ina vichwa vyenye tarakimu nne. Jumuiya ya Afrika Mashariki huitumia, na tangu umoja wa forodha ulipoanza mwaka 2005 nchi zake zina kitabu kimoja cha ushuru kwa vitu vitokavyo nje.

Nguo zilizopakwa, kuloweshwa au kubandikwa kitu kingine zimo katika Sura ya 59. Nguo iliyopakwa gundi au wanga kwa kufanyia majalada ya vitabu, pamoja na turubai la wachoraji wa picha, zimo katika kichwa cha 59.01. Nguo yenye plastiki imo katika 59.03, na humo hugawanywa tena: yenye plastiki iitwayo PVC, yenye poliyurethani, kisha nyinginezo. Nguo yenye mpira imo katika 59.06. Iliyopakwa vitu vingine, kama lami au nta, imo katika 59.07.

Jicho na kalamu ya risasi

Mtu aweza kuuliza, "Nguo na plastiki zikiwa pamoja, nitajuaje ipi ni ipi?" Kanuni zenyewe zimeweka njia nyepesi za kupima.

Njia ya kwanza ni jicho. Ikiwa plastiki haionekani kwa macho matupu, nguo haiingii katika 59.03, bali hubaki mahali pa nguo za kawaida. Kubadilika rangi tu hakuhesabiwi. Ndivyo zilivyo nguo nyingi za miavuli: maji hayapiti, lakini dawa yake haionekani.

Njia ya pili ni kukunja. Kitu kisichoweza kuzungushwa kwa mkono kwenye kijiti cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 7 bila kuvunjika, katika joto la digrii 15 hadi 30, si nguo tena kwa kanuni hii. Milimita 7 ni karibu na unene wa kalamu ya risasi, na mwalimu aweza kuwaonyesha watoto darasani.

Njia ya tatu ndiyo inayohusu sana maturubai yetu. Ikiwa plastiki imefunika nguo yote pande zote mbili, nayo yaonekana kwa macho, au nguo imezama kabisa ndani ya plastiki, basi kitu hicho huhesabiwa kuwa plastiki, katika Sura ya 39. Tena, maturubai mengi ya bei nafuu hufumwa kwa vipande vyembamba vya plastiki. Vipande hivyo huhesabiwa kuwa uzi wa nguo ikiwa upana wake hauzidi milimita 5; vikizidi hapo, si uzi.

Mwisho, turubai lililokwisha kukatwa, kupindwa kingo na kutiwa vikuku vya kupitishia kamba halihesabiwi pamoja na jora. Kama kitambaa chake ni nguo kwa kanuni hizo, huingia katika 63.06 pamoja na mahema. Kama ni plastiki kwa kanuni hizo, hubaki pamoja na vitu vya plastiki.

Tofauti yake katika fedha

Kitabu cha ushuru cha Jumuiya kilikuwa na ngazi tatu: sifuri, 10 na 25 kwa mia. Tangu tarehe 1 Julai 2022 iliongezwa ngazi ya 35 kwa mia kwa baadhi ya vitu vilivyokwisha tengenezwa. Viwango vya vitu fulani hubadilishwa mwaka kwa mwaka, kwa hiyo ni lazima kuuliza kiwango cha mwaka uliopo.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mzigo wenye thamani ya shilingi 1,000,000, pamoja na nauli na bima, ukitozwa 10 kwa mia hulipa ushuru wa 100,000. Ukitozwa 25 kwa mia hulipa 250,000. Kisha kodi ya ongezeko la thamani, ikiwa ni 18 kwa mia, hutozwa juu ya thamani na ushuru vikiwa pamoja: 198,000 katika hesabu ya kwanza na 225,000 katika ya pili. Jumla ni 298,000 au 475,000. Tofauti ni shilingi 177,000, nayo imetokana na tarakimu chache zilizoandikwa katika karatasi.

Kuvuka Murongo

Watu wa Kyerwa huvuka Mto Kagera pale Murongo kwenda Kikagati, upande wa Uganda. Kitu kilichotengenezwa katika nchi ya Jumuiya, kwa kufuata kanuni zake za asili, huingia bila ushuru wa forodha kikiwa na cheti cha asili. Kwa mizigo midogo isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani kuna cheti chepesi kwa wafanya biashara wadogo. Lakini kununuliwa Uganda si sawa na kutengenezwa Uganda. Turubai la China lililonunuliwa Kampala bado ni turubai la China.

Shauri letu

Chama cha msingi kitakacho kuagiza maturubai kisikubali ankara iliyoandikwa "turubai" basi. Iandikwe imefumwa kwa uzi gani, imepakwa kitu gani, upande mmoja au miwili, na kama ni jora au imeshonwa. Tena sheria yamruhusu mwagizaji kuomba uamuzi wa forodha kwa maandishi kabla mzigo haujafika, akitoa na kipande cha mfano. Asiporidhika na uamuzi wa afisa, aweza kumwomba Kamishna aupitie upya katika muda wa siku 30.

Kusema uwongo juu ya bidhaa ni kosa lenye adhabu. Lakini kunyamaza na kulipa zaidi ya haki nako ni hasara. Viongozi wa vijiji na waalimu wasaidie kuzisoma karatasi hizi pamoja na wanachama, na nakala zake zitunzwe, maana mali bila daftari hupotea bila habari.