Daktari ajue mgonjwa anatoka wapi

Kwa nini mgonjwa anafika hospitali akiwa amechelewa? Mara nyingi jibu haliko katika damu yake. Liko nyumbani: hakuna franka, njia si salama, ao anaogopa. Ebola ilionyesha hayo Kivu ya Kaskazini na Ituri, kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020. Chanjo ilikuwapo, lakini watu zaidi ya 2,200 walikufa. Familia nyingi hazikuamini timu zilizokataza kuosha na kugusa maiti bila kuwaeleza vizuri sababu. Kwa hiyo mwanafunzi wa udaktari afundishwe pia mtaani, pamoja na wale wa reko. Ajifunze kuuliza: munakunywa maji gani? Nani anaamua mgonjwa aende hospitali?