Haidranjia haitaki mkasi wa pupa

Miaka ya 1960, uwanja wa zamani wa ndege wa Castle Bromwich, kaskazini-mashariki mwa Birmingham, uligeuzwa kuwa mtaa wa Castle Vale wenye maghorofa marefu 34. Kati ya 1993 na 2005 mtaa huo ulijengwa upya: maghorofa 32 yakabomolewa, zikaja nyumba za kawaida. Aliyeshuka kutoka ghorofani akapata kipande cha ardhi mlangoni, na katika bustani ndogo za Uingereza kama hizo, haidranjia haikosekani: vichwa vikubwa vya maua, buluu au waridi.

Kosa linaloiharibu hutendeka Oktoba na Novemba. Maua yamekauka, yamekuwa ya kahawia, na mkazi wa huko aliyelelewa Tanga au Mombasa, kwenye nyumba inayofagiliwa nje kila asubuhi, hawezi kuyavumilia. Anachukua mkasi na kufyeka mpaka chini. Mwaka unaofuata mmea unajaa majani mabichi, lakini hautoi ua hata moja.

Sababu ni kwamba haidranjia ya kawaida hutunga matumba ya mwaka ujao mwishoni mwa kiangazi, kwenye matawi ya mwaka huu. Ukiyafyeka, umefyeka maua yajayo. Hata kichwa kilichokauka kina kazi yake: huyakinga matumba yaliyo chini yake dhidi ya jalidi.

Subiri mpaka mwishoni mwa Machi au Aprili. Shika tawi, teremsha vidole kutoka ua kavu mpaka ukutane na macho mawili, yaani matumba yaliyonenepa, yametazamana. Kata juu yake kidogo tu, kwa mkasi mkali. Kisha inama utazame shinani. Matawi yaliyokufa yatoe yote. Ya zamani mno, ondoa moja au mawili kutoka chini kabisa, ili machipukizi yapate mwanga. Malizia kwa kutandaza mboji.

Aina yenye maua yaliyochongoka kama pia, paniculata, ina sheria nyingine. Hiyo huchanua kwenye matawi mapya, hivyo majira hayo hayo ikate kwa nguvu, ukibakiza macho mawili kwenye kila tawi la mwaka jana.

Kama hujui yako ni ipi, usiikate mwaka mzima. Tazama inachanua kwenye tawi lipi. Haidranjia isiyopogolewa bado huchanua. Iliyokatwa ovyo ndiyo inayogoma.