Kwa Nini Upepo Mkali Hutaka Ubao Mdogo?

Mkumbara, chini ya Milima ya Usambara katika wilaya ya Korogwe, ni nchi ya mibuyu, mkonge na vumbi. Mawingu yatokayo baharini huacha maji yao milimani, upande wa Lushoto, na upepo unaofika tambarare hiyo huwa umekwisha kukauka. Mwanafunzi aliyepata kubeba bati kichwani siku ya upepo mkali ana elimu ambayo huenda haimo katika daftari lake. Upepo ukiwa mdogo, bati zima hubebeka bila taabu. Upepo ukizidi, mbebaji huyumba, hugeuzwa kama tiara, na hutamani bati lile lingekuwa nusu yake.

Zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo, upepo uo huo ungali na unyevu wake. Huko pwani, na hasa mashariki ya Unguja kwenye fukwe za Paje na Jambiani, kuna watu wanaokabiliwa na swali linalofanana na la mbeba bati, lakini jibu lake ni gumu zaidi. Hao ni wachezaji wa ubao wa tanga. Chombo chao ni ubao mmoja wenye pezi chini yake, na mlingoti uliokaa juu ya kiungo kinachopinda pande zote. Hakuna usukani. Mchezaji husimama ubaoni, hushika tanga kwa mikono yake, na kwa kulilaza mbele au nyuma hugeuza chombo. Mwaka 1958 mvulana wa Kiingereza wa miaka 12, Peter Chilvers, alijitengenezea chombo cha namna hii huko Hayling Island. Miaka kumi baadaye Wamarekani Hoyle Schweitzer na Jim Drake waliomba hataza ya chombo chao. Ubao wao ulikuwa na urefu wa karibu mita 3.7. Mbao zinazotumiwa leo kwenye mawimbi na upepo mkali huwa na urefu wa mita 2.2 hadi 2.4 hivi. Kwa nini zimefupishwa kiasi hicho?

Kuhusu tanga, jibu ni lile la bati. Kanieneo ya upepo huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi yake. Upepo wa mita 5 kwa sekunde husukuma kila mita ya mraba kwa kani ya nyutoni 15 hivi. Kasi ikiongezeka mara mbili, kani hufika nyutoni 60. Kwa hiyo tanga la mita 7 za mraba, ambalo katika upepo wa kwanza lilivuta kwa nyutoni 105, katika upepo wa pili litavuta kwa nyutoni 420. Hakuna mikono itakayolizuia kwa muda mrefu. Mabaharia wa ngalawa walilijua jambo hili kabla ya kuwapo kwa vitabu vya fizikia: kusi likikaza, tanga hupunguzwa.

Lakini baharia wa ngalawa hapunguzi ngalawa yenyewe. Mchezaji wa ubao hupunguza vyote viwili, na hapa ndipo penye fundisho.

Chombo kinachokwenda polepole hubebwa na maji kwa kanuni ya Archimedes: maji yaliyosukumwa kando na chombo huwa na uzito ulio sawa na uzito wa chombo na mzigo wake. Tuseme mchezaji ana kilo 75, tanga na mlingoti wake kilo 9, na ubao kilo 7. Jumla ni kilo 91. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1.025 hivi, basi ubao hauna budi kuwa na ujazo wa lita 89 ili uelee tu, hali sehemu yake ya juu ikilowa. Ubao wa lita 120 una akiba ya lita 31. Ubao wa lita 75 unaweza kubeba kilo 77 tu. Kilo 14 zilizobaki hazina wa kuzibeba, na mtu akisimama juu yake utazama.

Pamoja na hayo, katika upepo mkali ubao huo wa lita 75 haumzamishi mtu. Ubao unapokwenda kasi, maji huupiga kwa chini na kuuinua, kama vile jiwe bapa lirushwalo juu ya bwawa linavyorukaruka badala ya kuzama. Kani hiyo nayo huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi. Kwa mwendo wa mita 5 kwa sekunde, kuinua kilo 91 huhitaji ubao uguse maji kwa eneo la karibu sehemu saba za kumi za mita ya mraba. Kwa mwendo wa mita 10, eneo la sehemu mbili za kumi hutosha: mkeka mdogo wa kuswalia ni mkubwa kuliko hapo. Sehemu nyingine yote ya ubao huning'inia hewani, haina kazi.

Afadhali ingekuwa haina kazi tu. Katika upepo mkali sehemu hiyo ni adui. Upepo huingia chini ya omo na kuinyanyua. Kila wimbi dogo hugonga ubao mpana kwa nguvu, na mchezaji hurushwa. Mawimbi yanapokuwa makubwa, kugeuka ni lazima, na ubao hugeuzwa kwa kulalia ukingo mmoja. Upana ukizidi, mguu hukosa nguvu za kuulaza. Urefu nao una gharama yake. Mbao mbili zikilingana kwa upana na unene, ugumu wa kuuzungusha mmoja ukilinganishwa na mwingine hufuata kipeo cha tatu cha urefu. Ule wa mita 3.7 ni mgumu kuuzungusha zaidi ya mara 4 kuliko wa mita 2.3.

Neno "mdogo" lenyewe lina mtego. Lita 75 ni ubao mdogo kwa mtu wa kilo 75. Kwa mwanafunzi wa kilo 50 mwenye tanga lilelile, jumla ya mzigo ni kilo 66, ambazo huelea juu ya lita 65. Ubao uleule kwake una akiba. Anayenunua ubao kwa kuiga ubao wa mwenzake amenunua kilo za mwenzake.

Hatari iko pale upepo unapokatika. Mwenye ubao wa lita 120 hubaki amesimama, akangoja. Mwenye ubao wa lita 75 huanza kushuka: kwanza vifundo vya miguu, kisha magoti. Hawezi tena kuvuta tanga kutoka majini akiwa amesimama, wala upepo hautoshi kumwinua akiwa amelala majini. Pale Paje, ndani ya miamba, maji ni ya kina kidogo na jambo hili huishia kwa kutembea hadi ufukweni, ingawa yapasa kujihadhari na vigingi na kamba za wakulima wa mwani, ambazo pezi huzikata kirahisi. Nje ya miamba mambo ni mengine. Wakati wa bamvua, maji yakupwayo hutoka kwa nguvu kupitia milango ya miamba, nayo humchukua mtu kuelekea bahari kuu. Hapo mtu asiuache ubao wake. Akilala juu yake na sehemu ya mwili ikiwa majini, mwili huelea kwa kiasi chake, na zile kilo 14 zilizokosa mbebaji hupata mbebaji. Aliyesimama huzama pale ambapo aliyelala huelea.

Kwa sababu hiyo, majira yana neno katika uchaguzi. Kusi la Juni hadi Septemba huvuma kwa uthabiti, na ubao mdogo una haki yake. Katika tanga mbili, upepo unapobadilika kati ya kusi na kaskazi, hata alasiri yenye upepo mzuri haiaminiki. Ubao wenye akiba ndio wa busara, hata kama utarukaruka.

Shule iliyo mbali na bahari inaweza kulijaribu jambo hili. Mkonge huchanua mara moja tu katika maisha yake, kisha hufa, na ule mti mrefu wa maua uliochipuka katikati, ukishakauka, ni mwepesi sana. Huko California mafundi hutengeneza mbao za kuchezea mawimbi kwa miti ya maua ya mimea ya jamii hii. Wanafunzi wa Mkumbara wanaweza kuchonga mbao mbili zenye unene wa sentimita 2: mmoja wa sentimita 40 kwa 12, kwa kuunganisha vipande, na mwingine wa 20 kwa 8. Ncha za mbele ziinuliwe kidogo. Yafungwe juu yake mawe mawili ya uzito ulio sawa, kiasi ambacho ubao mdogo hukibeba kwa shida. Kila ubao uvutwe kando ya mfereji kwa uzi uliofungiwa kipande cha mpira wa baiskeli, na urefu wa mpira upimwe kwa rula.

Kwa mwendo wa kutembea, ubao mkubwa huinuka na mdogo hulima maji, nao mpira wake huvutika sana. Mvutaji akikimbia, mdogo nao huinuka, na yule mkubwa huanza kugongagonga viwimbi na kwenda mrama. Kisha mvutaji asimame ghafla, na wenzake wauangalie ubao mdogo peke yake, mmoja wao akihesabu sekunde mpaka maji yafunike sehemu yake ya juu.