Mashine gani ya kukata ukoka inaifaa nyumba yako?

Kiwanja cha 20 kwa 30, ambacho Watanzania wengi wa mijini wanakifahamu, kina mita za mraba 600 kwenye karatasi. Toa nyumba, toa maegesho ya gari, tanki la maji, shimo la maji taka, njia ya kuingilia na banda la kuku. Ukoka unaobaki mara nyingi hauzidi mita za mraba 200. Hata hivyo mashine inayonunuliwa kwa uwanja huo ni ile ile ya petroli inayohudumia viwanja vya hoteli, nzito na yenye kelele, na baada ya misimu miwili inakuwa imelala stoo kwa sababu kabureta imeziba. Hilo linanisikitisha, kwa kuwa fedha iliyotumika ni nyingi na makosa yote yangeepukika kwa kupima uwanja kabla ya kwenda dukani.

Tuanze na kipimo hicho. Chukua uwanja wa mita 12 kwa 15, yaani mita za mraba 180. Mashine yenye upana wa kisu wa sentimita 46, ukiacha kila mstari upande kidogo juu ya mwenzake, inakata kama sentimita 40 kwa mpito mmoja. Utatembea mita 450 kumaliza uwanja. Mashine ndogo inayokata sentimita 30 halisi itakutembeza mita 600. Tofauti ni mita 150, mwendo wa kutoka nyumbani kwako hadi duka la jirani. Kwa uwanja wa namna hii ukubwa wa kisu si jambo la kulipia ziada. Kwa robo eka, ambayo ni kama mita za mraba 1,000, hesabu inabadilika, na hapo injini ina maana.

Sasa fedha. Bei za mashine hupanda na kushuka kulingana na duka na thamani ya shilingi, kwa hiyo nitatumia bei za mfano. Wewe weka bei uliyotajiwa mahali pa zangu, hesabu itabaki kuwa ile ile. Tuseme uwanja unakatwa mara 30 kwa mwaka: karibu kila wiki wakati wa masika na vuli, na mara chache kiangazi. Mashine ya petroli tuiweke shilingi 900,000, idumu miaka mitano. Hiyo ni 180,000 kwa mwaka. Nusu saa ya kazi hula kama nusu lita ya petroli, na lita ikiwa 3,000 utatumia 45,000 kwa mwaka. Oili, plagi, chujio la hewa na kunoa kisu tuviweke 60,000. Jumla 285,000 kwa mwaka, na nguvu kazi ni yako. Kijana wa bustani anayekuja mara mbili kwa mwezi kwa 15,000 atakugharimu 360,000. Pengo ni 75,000 tu, na matengenezo makubwa ya injini mara moja yanaweza kulimeza lote. Mwenye uwanja mdogo anayemlipa kijana wake vizuri hajapoteza fedha, na asione haya kwa kukosa mashine.

Mashine ya umeme ya waya ni habari nyingine. Tuiweke 400,000 kwa miaka mitano, yaani 80,000 kwa mwaka. Yenye wati 1,600 ikifanya kazi nusu saa hutumia uniti 0.8. Kwa mteja wa kawaida wa nyumbani anayelipa kama shilingi 350 kwa uniti hiyo ni 280, na kwa mara 30 haifiki 9,000. Ongeza 20,000 za kisu, jumla haivuki 110,000. Ile ya kusukuma kwa mkono, isiyo na injini kabisa, tuiweke 250,000 kwa miaka minane na kunolewa mara mbili kwa mwaka kwa 20,000 kila mara: kama 71,000. Ukiangalia namba hizi utaona kwamba petroli na umeme si mzigo mkubwa wa mwaka. Mzigo ni bei ya kununulia na fundi. Kwa hiyo muuzaji anayekuimbia kwamba mashine yake hainywi mafuta anakupeleka pasipo na gharama kubwa.

Hii ya kusukuma kwa mkono inadharauliwa bure. Ndiyo mashine ya kwanza ya kukata nyasi duniani: Mwingereza Edwin Budding aliisajili mwaka 1830, wazo akilitoa kwenye mtambo wa kiwandani wa kupunguza manyoya ya kitambaa cha sufu. Visu vyake vilivyopinda huzunguka kwenye silinda na kupita juu ya ubapa usiosogea, hivyo jani hukatwa kama kwa mkasi, ncha ikabaki safi. Haina plagi, haina oili ya injini, haiwaamshi majirani Jumapili asubuhi. Ila ina masharti. Uwanja uwe tambarare na usiwe na kokoto wala vijiti vya mwarobaini. Nyasi zisizidi kama sentimita nane, maana zikirefuka mashine huzilaza na kupita juu yake. Masika ikinyesha ukasafiri wiki tatu, ukirudi itakubidi utafute mtu wa fyekeo kwanza. Kwa mtu aliyetulia nyumbani na uwanja usiofika mita za mraba 200, mimi naiweka mbele ya zote.

Aina ya nyasi nayo ina kauli. Ukoka mwembamba wa kawaida hutambaa juu na chini ya ardhi, hupenda jua, na hukubali kukatwa hadi sentimita tatu au nne. Unaendana vizuri na mashine ya silinda. Zile za majani mapana zinazoitwa za Pemba, zinazopandwa sana Dar es Salaam na Tanga kwa sababu huvumilia kivuli cha miembe, ziachwe sentimita tano hadi saba, na kisu cha kuzunguka chini ya sahani kinazifaa zaidi. Nyanda za juu, Arusha, Limuru au Nairobi, utakutana na nyasi za Kikuyu, ambazo asili yake ni milima yetu hii ya Afrika Mashariki kabla hazijafika Australia na Afrika Kusini. Zinafunga mkeka mnene unaoshinda mashine nyingi za mkono. Huko injini haina mbadala. Kwa zote, usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mkato mmoja. Jani ndilo linalolisha mzizi, na uwanja ulionyolewa hadi shina la kahawia huwapisha magugu.

Hapo ndipo ninapoishitaki mashine ya kufyekea ya begani, hii yenye mti mrefu na kamba ya plastiki au kisu mbele. Kwa shamba, pembezoni mwa ukuta, mtaroni na kwenye mteremko ni chombo bora. Lakini imekuwa desturi kuitumia kunyolea ukoka wa nyumbani, kwa kuwa kijana wa kukodi anayo hiyo tu. Haina magurudumu ya kushikilia urefu, mkono ukichoka inashuka, na uwanja unabaki na mabaka. Tena hurusha mawe: vioo vya magari na madirisha vimevunjika kwa sababu yake. Ukimkodi mwenye nayo, mwambie waziwazi unataka urefu gani, na umwombe aanze pembeni ili uone mkono wake kabla hajafika katikati.

Za betri zinaingia sokoni na zina faida ya kweli kwetu: unachaji umeme ukiwepo, unakata hata ukikatika. Kabla ya kulipa, soma betri yenyewe. Zidisha volti kwa ampea-saa: volti 40 na ampea-saa 4 ni wati-saa 160, na nyasi nene zitaimaliza haraka. Kisha uliza bei ya betri ya pili na kama ipo dukani leo. Ikiwa jibu ni kwamba itaagizwa, jua kwamba siku betri itakapokufa mashine nzima itakuwa imekufa. Joto huiharibu, usiiache kwenye buti la gari juani.

Kwa ya waya, usinunue ekstensheni nyembamba ya sokoni. Kwa mita 25 tafuta waya wa milimita za mraba 1.5 kwa uchache, na ukihitaji mrefu zaidi uwe 2.5, la sivyo umeme utafika umedhoofika na mota itachemka. Fundi umeme aweke kikata umeme cha kuvuja cha miliampea 30 kwenye soketi hiyo. Waya upite begani, nyuma yako, na usikate nyasi zenye umande.

Ukiamua petroli, chagua injini ya mipigo minne yenye sehemu yake ya oili. Na hapa pana jambo ambalo limeua mashine mpya nyingi: aghalabu zinauzwa bila oili ndani. Ukivuta kamba kabla ya kujaza, umeiua siku ya kwanza. Injini za ukubwa wa nyumbani huchukua kama nusu lita au zaidi kidogo, SAE 30 au 10W-30 kama kitabu chake kinavyosema. Oili ya kwanza imwagwe baada ya saa tano hivi za kazi, kwa sababu imebeba chembe za chuma za injini mpya. Baadaye kila saa 50 au angalau mara moja kwa mwaka, lakini kwa vumbi la Dodoma au Singida mimi nisingengoja saa 50. Ya begani nyingi ni za mipigo miwili na oili huchanganywa kwenye petroli yenyewe. Uwiano wa 50 kwa 1 ni mililita 20 za oili kwa lita. 25 kwa 1 ni mililita 40. Angalia kilichoandikwa kwenye tanki, upime kwa kopo lenye alama.

Chujio la hewa ndilo linaloumia zaidi kiangazi. La sponji lioshwe kwa maji ya sabuni, likauke kabisa, litiwe oili kidogo na kukamuliwa. La karatasi halioshwi. Ligonge kwa upole vumbi litoke, na likishakuwa jeusi nunua jingine. Chujio lililoziba hufanya injini itoe moshi mweusi na kula petroli, na mafundi wasio waaminifu hukuambia ni kabureta.

Kabureta nayo huziba hasa kwa petroli iliyolala. Katika joto la pwani petroli hupoteza nguvu mapema na kuacha utando kama gundi kwenye vitundu vidogo. Kama hutakata kwa mwezi mzima, funga petroli, iache injini iunguruke hadi izime yenyewe, au mwaga tanki. Kazi ya dakika tano hiyo hukuondolea gharama ya fundi.

Kisu kinolewe kila baada ya saa 25 hivi, au pale ncha za nyasi zinapogeuka nyeupe siku moja baada ya kukata. Hiyo ni dalili kwamba kinachana badala ya kukata. Chomoa waya wa plagi kwanza, kila mara, bila ubaguzi. Ukiilaza mashine, upande wa chujio la hewa uelekee juu, oili isije ikaingia kwenye kabureta. Piga tupa kwa kufuata mwinuko uliopo, kisha kitundike kisu kwenye msumari kwa tundu lake la katikati: upande unaoshuka ni mzito, upunguze. Kisu kisicho na mizani hutikisa injini hadi kulegeza bearingi. Mashine ya silinda hunolewa tofauti: fundi hupaka ile dawa ya kusagia vali kwenye visu na kuzungusha silinda kinyumenyume, halafu hujaribu kwa kipande cha gazeti. Kikikatika safi toka mwanzo hadi mwisho wa ubapa, kazi imekwisha.

Mtumba usiukatae, ila ufike kabla muuzaji hajaiwasha. Gusa injini, ikiwa ya moto, ameificha shida ya kuwaka asubuhi. Vuta kamba taratibu usikie ukinzani. Ikiteleza tu, mgandamizo umekwisha. Moshi wa buluu usioisha ni oili inayoungua. Plagi ikiwa imechomolewa, zungusha kisu kwa mti na uangalie kama ncha zote mbili zinapita kwenye urefu ule ule; zikitofautiana, shafti imepinda, ondoka. Na kabla ya yote uliza spea: plagi, kamba, kisu na kabureta za aina hiyo zipo Kariakoo, au zipo Kirinyaga Road kwa ndugu zetu wa Nairobi? Mashine ya kawaida yenye spea mtaani ni bora kuliko ya jina kubwa isiyo na fundi.

Kwa hiyo chini ya mita za mraba 200 na ardhi tambarare, nunua ya silinda au ya waya, au endelea na kijana wako. Kuanzia robo eka, au kwenye nyasi za Kikuyu, toa fedha ya mipigo minne. Yoyote utakayochukua, okota mawe kwanza, vaa viatu vilivyofunika vidole, na watoto wote wakae ndani mpaka kisu kisimame kabisa.