Uvira: Kuacha ukingo wa ziwa na kupanda mlimani si kuhamisha vitanda tu

Katika mitaa ya chini ya mji wa Uvira, jimboni Kivu Kusini, kuna nyumba ambazo kuta zake zimebaki na alama ya maji. Ziwa Tanganyika lilipanda, likaingia uwanjani, likafika sebuleni, kisha likaanza kurudi polepole. Wenye nyumba wamoja walirudi na kupaka rangi upya. Wengine waling'oa mabati na milango, wakabeba hadi juu, upande wa milima ya Mitumba.

Kila mara mvua kubwa inapoanza, swali lile lile hurudi katika familia za kando ya ziwa: tubaki hapa ama tupande mlimani? Kwa mtu wa mbali, jibu ni jepesi, maana maji hayapandi mlima. Lakini mwenye kuishi Uvira anajua kwamba swali hili lina mambo mengi ndani yake: kazi, chakula, maji ya kunywa, afya ya watoto, karatasi za kiwanja, na pia usalama wenyewe.

Mji uliobanwa

Uvira umebanwa kati ya ziwa na mlima. Ziwa liko kwenye mita 775 hivi juu ya usawa wa bahari. Nyuma ya mji, Mitumba inapanda kwa haraka, na vilele vyake vya ndani, upande wa Itombwe, vinapita mita 3,000. Kati ya maji na mlima kuna kipande chembamba cha ardhi tambarare, na hapo ndipo barabara, soko, shule na nyumba nyingi zimesongamana.

Idadi ya watu ilipozidi, mji ulipanuka pande mbili tu: kuelekea maji na kuelekea mteremko. Pande hizo mbili zote zina hatari yake.

Ziwa linarudi mahali pake

Wengi wanasema kwamba ziwa limebadilika siku hizi. Ni kweli kwamba mwaka 2021 na tena mwaka 2024 maji yalipanda sana, yakafunika nyumba, hoteli na barabara upande wa Congo, na pia upande wa Burundi hadi Gatumba na Bujumbura. Lakini si mara ya kwanza.

Mwaka 1871, Stanley alimkuta Livingstone kule Ujiji, upande ambao leo ni Tanzania. Aliporudi hapo mwaka 1876, aliona kwamba ziwa limekula ukingo, na miti iliyokuwa sokoni imesimama ndani ya maji. Wakati huo mto Lukuga, karibu na mahali ambapo leo ni mji wa Kalemie, ulikuwa umezibwa na mchanga na majani. Kizuizi hicho kilivunjika karibu mwaka 1878, maji yakapata njia kuelekea mto Lualaba, na ziwa likashuka kwa miaka mingi.

Halafu zikaja mvua nyingi za kuanzia mwisho wa mwaka 1961. Maziwa ya Afrika ya mashariki yalipanda, na Tanganyika lilifika juu sana mwaka 1964. Wazee waliokuwa watoto wakati huo bado wanaweza kuonyesha mahali maji yalipofika.

Sababu ni ya kueleweka. Ziwa hili, lenye urefu wa kilometa zaidi ya 650, linapokea maji ya mito mingi, kati yake Ruzizi inayotoka Ziwa Kivu na Malagarasi ya Tanzania. Lakini mto wenye kutoa maji ni mmoja tu, Lukuga. Maji mengi zaidi hupotea kwa njia ya jua, yanapogeuka mvuke. Kwa hiyo, mvua ikizidi kwa miaka miwili au mitatu, ziwa halishuki kwa wiki moja. Linaweza kukaa juu kwa miaka.

Na hapo ndipo mtego ulipo. Maji yakishuka, ukingo unakauka na nyasi zinaota. Mtu anauza kiwanja, mwingine anajenga. Mtoto anayezaliwa katika nyumba hiyo anajua kwamba hapo ni nyumbani. Baada ya miaka 40 au 50, ziwa linarudi mahali ambapo lilikuwa limefika zamani, na sisi tunasema limetuvamia.

Mlima nao unashuka

Basi tupande? Tukumbuke usiku wa tarehe 16 kuamkia tarehe 17 mwezi wa nne 2020. Usiku huo haikuwa ziwa. Mvua ilinyesha mlimani, mto Mulongwe ukajaa, ukashuka na mawe, matope na miti, ukapita katikati ya mji. Makumi ya watu walifariki, na maelfu ya familia walibaki bila makao.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 4 mwezi wa tano 2023, jambo kama hilo lilitokea katika eneo la Kalehe, kandokando ya Ziwa Kivu. Vijito vilishuka kutoka milimani na kufunika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Waliozikwa walipita 400, na wengi hawakuonekana tena.

Misiba hii miwili inafundisha kwamba hatari haipimwi kwa urefu wa mahali peke yake. Nyumba iliyo juu, lakini katika njia ya kijito, inaweza kuwa na hatari zaidi kuliko nyumba ya chini. Na miteremko ya juu ya Uvira imepoteza miti mingi kwa sababu ya makala, kuni na mashamba. Udongo usioshikwa na mizizi hunywa maji, unalegea, kisha unashuka. Mwenye kukata mlima ili apate sehemu ya kusimamisha nyumba bila kujenga ukuta wa mawe nyuma yake, anajichimbia shimo.

Mama wa ndakala atauza nini juu?

Tuchukue mfano wa mama anayeuza ndakala. Akiishi kando ya ziwa, anaamka alfajiri, anatembea dakika chache, anakuta mitumbwi inarudi na samaki wa usiku. Ananunua, anaanika, jioni anauza. Akihamia kwenye miinuko ya nyuma ya mji, kazi ile ile inaanza na saa moja ya kushuka gizani na inamalizika na kupanda akiwa na beseni kichwani. Akienda mbali zaidi, kwenye nyanda za kati ao nyanda za juu, hawezi tena kufanya kazi hiyo. Inabidi ajifunze kulima.

Na kulima huko si kama kulima chini. Kila ukipanda mita 1,000, baridi huongezeka kwa digrii 6 hivi. Mchikichi unaotoa mafuta ya mawese hauzai vizuri huko. Muhogo unachelewa sana. Badala yake kuna viazi, maharagi, kabichi na ng'ombe. Hata kupika kunabadilika: kwenye mita 2,000, maji yanachemka kwenye digrii 93 hivi, si 100, kwa hiyo chungu cha maharagi kinakaa motoni muda mrefu zaidi na kinakula makala mengi zaidi.

Kuna faida pia. Mbu wa malaria hapendi baridi, na huko juu sana ugonjwa huo ni mchache. Kipindupindu, kinachosumbua Uvira mwaka kwa mwaka, hakipati nafasi kubwa pale ambapo familia inachota maji kwenye chemchemi iliyotengenezwa vizuri. Lakini kwenye miinuko ya karibu na mji, maji ya bomba hufika kwa shida, na bidoni ya lita 20 inapanda kwa mgongo wa mtoto wa kike. Tena, mtoto aliyekulia kwenye baridi hana kinga ya malaria kama wenzake wa chini. Akishuka kutembelea bibi yake kando ya ziwa, alale ndani ya chandarua bila kukosa.

Wanaopanda wanakutana na wanaoshuka

Jambo lingine linaumiza zaidi. Wakati familia za ukingo zinatafuta kupanda, familia nyingi za nyanda za juu za Uvira, Fizi na Mwenga zimekuwa zikishuka, kwa sababu ya vita. Vijiji vimechomwa, ng'ombe wameporwa, na watu wamekimbilia chini, mara nyingi kwenye sehemu zile zile zenye kufurika, kwa kuwa ndizo zenye kodi ndogo. Kwa hiyo, kwa wengi mlima wa ndani si chaguo. Kinachobaki ni mteremko wa nyuma ya mji.

Ndiyo maana familia nyingi hugawanyika: baba anabaki karibu na nyavu zake, mama na watoto wanapanda, ao watoto wanapanda peke yao kwa shangazi. Nyumba moja inakuwa nyumba mbili, na gharama nazo zinakuwa mbili.

Mambo ya kuangalia kabla ya kubeba vitu

Kwa familia yenye kuamua kuhama, kuna mambo ambayo hayahitaji pesa nyingi, ila macho na subira.

Kwanza, tembelea kiwanja wakati wa mvua, si wakati wa kiangazi. Angalia maji yanapita wapi. Mawe makubwa ya mviringo yaliyotawanyika shambani yaliletwa na mto, na mto unaweza kuyafuata tena. Miti iliyoinama na nyufa ndefu kwenye udongo zinaonyesha kwamba mteremko unatembea.

Pili, uliza wazee wa mahali kuhusu mwaka wa mvua nyingi. Wanajua kijito kilipita wapi kabla ya nyumba kujengwa.

Tatu, angalia karatasi. Sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 inasema ardhi ni mali ya serikali, na mtu hupewa haki ya kuitumia kwa hati. Milimani, viwanja vingi hutolewa na machifu wa kimila. Karatasi ya chifu ni mwanzo, lakini bila kufika kwenye ofisi ya ardhi ya serikali, mtu mwingine anaweza kuja kesho na hati yake. Aliyekwisha kufukuzwa na maji asifukuzwe tena na kesi.

Nne, hesabu kazi kabla ya kuhesabu mabati. Familia iliyopanda bila kujua itaishi kwa nini, mara nyingi hushuka tena maji yanapokauka, na kujenga pale pale.

Hili la mwisho linawahusu pia viongozi. Kuwaambia wakaaji waondoke kandokando ya ziwa ni haki, lakini kiwanja cha juu bila njia, bila maji na bila soko hakiwezi kumshika mvuvi. Na ukingo ulioachwa ukibaki bila alama na bila miti, utauzwa tena kwa mtu mwingine ambaye hakuwepo mwaka 2024.

Twakumbusha kwamba Ziwa Tanganyika linagawanywa na nchi nne, Congo, Tanzania, Burundi na Zambia. Kuta zenye alama za maji bado zimesimama Uvira. Kabla ya kuzipaka rangi, tuwaonyeshe watoto wetu alama hizo, ili wanapofikia umri wa kujenga, wajue maji yalifika wapi.