Chanjo ni bure, siku ya kliniki si bure

Uzi wa leo. Kila mjadala wa afya ukianza, lazima mtu aseme: "Chanjo ni bure, hao wasichana ni wazembe tu." Nusu ya kwanza ni kweli. Kwenye vituo vya serikali, chanjo za kawaida za mtoto hazilipishwi. Hiyo nusu ya pili ndiyo nataka tuiangalie, manake watu wanaombea kura juu yake.

Hesabu kwanza. Mtoto akizaliwa anapata BCG ya kifua kikuu na matone ya polio. Anarudishwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Halafu sindano ya surua na rubela akiwa na miezi 9, na ya pili miezi 18. Safari 5 hizo, na sijahesabu vitamini A ya miezi 6 wala siku za kupimwa kilo.

Sasa weka hapo msichana wa miaka 17, hapa kwetu Gitothua, chumba kimoja na mamake. (Si kisa cha ajabu: utafiti wa kitaifa wa 2022 ulipata asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshawahi kupata mimba.) Hospitali ya Ruiru si mbali. Shida ni saa. Kliniki za watoto nyingi ni asubuhi, siku ya kazi, na foleni inaweza kufika mchana. Kama anafulia watu nguo, siku hiyo hakuna pesa. Na kuna yale maneno: "Wewe mwenyewe mtoto, na umezaa?" Ukiambiwa hivyo mbele ya watu mara moja, tarehe inayofuata unajifanya umesahau.

Rudi kwa kalenda. Safari za mwanzo zimekaribiana na bado yuko nyumbani, anazikumbuka. Baada ya wiki 14 kuna pengo refu. Miongozo ya Wizara ya Elimu ya 2020 inamruhusu arudi shule baada ya kujifungua, na hapo naunga mkono kabisa. Lakini sindano ya miezi 9 inamkuta darasani, nyanya wa mtoto yuko kibaruani. Nani atampeleka?

Na usiseme ni shida yake. Surua isisambae, watoto kama 95 kwa kila 100 wanahitaji dozi zote mbili. Mtoto wako wa miezi 5 bado hajafikisha umri wa kuchanjwa. Anakingwa na wenzake waliochanjwa, wa huyo msichana akiwemo.

Siasa inaingia hapa. Chanjo hununuliwa na serikali ya kitaifa, ikichangiwa na Gavi. Kaunti, kwa Katiba ya 2010, ndiyo inaendesha vituo na kuajiri wauguzi. Kwa hivyo mgombea ugavana akikuahidi "chanjo za bure", amekuahidi kitu ambacho tayari ni bure na ambacho si yeye hununua! Muulize kama kliniki itafunguliwa Jumamosi, na muuguzi wa siku hiyo atalipwa na nani. Muulize kama wahudumu wa afya ya jamii watapewa orodha ya watoto waliokosa sindano ya miezi 9, wawafuate nyumbani.

Mwakilishi wadi naye asikwepe, yeye ndiye hupitisha bajeti ya kaunti. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na vikao vya maoni ya wananchi huja kabla ya hapo. Huwa viko wazi kwa kila mtu, hata ambaye hajafikisha umri wa kupiga kura.