Kozi ya afya na maendeleo: Je, mwanao atakuwa daktari?

Kila mwaka matokeo ya KCSE yanapotangazwa na vijana kuanza kuchagua kozi za chuo kikuu, kliniki yangu hapa Kabianga hupata wageni wasiougua. Hao ni wazazi. Wengine hufika jioni wakiwa bado wamevaa aproni za plastiki za kuchumia majani chai. Wakishaketi hawatoi kadi ya matibabu, bali hutoa karatasi iliyokunjwa mara nne yenye orodha ya kozi.

Hivi majuzi alikuja mama mmoja na binti yake. Binti alikuwa amepata gredi ya B+, matokeo mazuri lakini yasiyotosha kumwingiza katika kozi ya udaktari aliyoitamani. Badala yake alipewa nafasi ya kusomea shahada ya miaka minne inayohusu afya na maendeleo. Mama hakuielewa.

"Daktari, niambie ukweli," akasema. "Akimaliza, atadunga watu sindano ama hatadunga?"

Nilimjibu kwamba hatadunga. Mama aliichukua ile karatasi akaanza kuikunja tena, nami nikamwomba asubiri kidogo. Ninayoyaandika leo ni yale niliyomwambia, pamoja na mengine ambayo foleni ya wagonjwa haikuniruhusu kuyamaliza.

Kwanza, yafaa ifahamike kozi ya aina hii ni ya namna gani. Huwakutanisha walimu ambao zamani hawakuketi meza moja: mwalimu wa jinsi magonjwa yanavyosambaa, wa takwimu, wa uchumi, wa mila na desturi, wa mazingira, na wa sheria na sera za serikali. Katika vyuo vingine huitwa afya ya dunia, na jina hilo huwafanya wengi kudhani ni kusomea maradhi ya ng'ambo. Sivyo. Ni kuchunguza kwa nini watu wa mahali fulani huugua na kufa kuliko wa mahali pengine, na ni nini, mbali na dawa, kinachoweza kubadilisha hali hiyo.

Nilimwambia mama atazame nje ya dirisha. Kutoka hapa huonekani ila chai, na juu yake ukungu. Ukimuuliza mgeni kama pana malaria atakucheka, kwani kila mtoto wa shule hujua kuwa malaria ni ugonjwa wa Pwani na wa kando ya Ziwa. Hata hivyo, mimi niliyekulia katika nyumba za wafanyakazi wa chai nakumbuka vizuri miezi ya Juni na Julai ya miaka ya tisini. Madawati yalibaki matupu darasani. Tulipewa klorokwini, ikatuwasha mwili mzima usiku kucha, na baada ya wiki mbili homa ikarudi.

Malaria ya milimani si jambo geni. Daktari P.C.C. Garnham aliandika mwaka 1945 katika jarida la madaktari wa Uingereza kuhusu milipuko ya malaria katika sehemu za juu sana za Kenya. Lakini mlipuko wa miaka ya tisini uliwashtua wengi, na bahati nzuri hospitali ya mashamba ya chai ya Kericho ilikuwa imehifadhi rekodi za wagonjwa tangu 1965. Wataalamu walipozifungua waliona kwamba malaria kali ilikuwa imeongezeka. Swali likawa moja: kwa nini?

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, na ugomvi huo ndio uliokuwa somo langu kwa mama na bintiye.

Sababu iliyowajia wengi upesi ni joto. Viini vya malaria hukua ndani ya mbu kabla ya kuweza kumwambukiza mtu, na kasi ya kukua kwao hutegemea joto. Kwa nyuzi 18 za selsiasi, viini hivyo huhitaji karibu siku 55 kukomaa. Mbu wachache mno huishi muda huo wote. Kwa nyuzi 20 huhitaji siku 28 hivi, na kwa nyuzi 22 chini ya siku 19. Wastani wa joto la Kericho uko karibu na hizo nyuzi 18, kwa hiyo tunaishi ukingoni kabisa. Nyuzi moja tu ikiongezeka, mbu wengi zaidi hufikia umri wa kuambukiza. (Isitoshe, mbu hapumziki kwenye ukungu wa nje. Yumo ndani ya nyumba karibu na jiko, ambako kuna joto zaidi.)

Mwaka 2002, Simon Hay na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kuchunguza hali ya hewa ya sehemu nne za milima ya Afrika Mashariki, Kericho ikiwa mojawapo. Walisema hali ya hewa haikuwa imebadilika kwa kiasi cha kueleza ongezeko la malaria. Wao na wenzao waliokuwa wakizichunguza rekodi za Kericho waliona tuitazame dawa. Klorokwini ilikuwa imeshindwa nguvu na viini. Serikali ya Kenya iliiondoa kama dawa ya kwanza mwaka 1998 na kuleta dawa za aina ya Fansidar, nazo hazikudumu. Mwaka 2004 ikaamuliwa tutumie dawa mseto yenye artemetha na lumefantrini, ambayo ilifika katika vituo vya afya mwaka 2006. Dawa isiyofanya kazi humwacha mgonjwa na viini mwilini kwa muda mrefu, na kila mbu anayemuuma huchukua mzigo kuupeleka kwa jirani.

Mwaka 2006 Mercedes Pascual na wenzake walizipitia upya takwimu za sehemu hizo hizo, wakiongeza miaka ya karibuni na kutumia hesabu tofauti. Wao waliona kuwa joto lilikuwa limepanda. Je, nani alikuwa sahihi?

Shida ni kwamba pande zote mbili zilitegemea takwimu ambazo hazikupimwa hapa. Zilikuwa za kukadiria, zilizotengenezwa kwa kuunganisha vipimo vya vituo vilivyo mbali mbali, na katika nchi ya milima na mabonde kama hii makadirio hukosea. Mtafiti Mkenya, Judith Omumbo, pamoja na wenzake, wakiwemo wa idara yetu ya hali ya hewa, walirudi kwenye kituo chenyewe cha Kericho. Walikusanya vipimo vya kila siku vya miaka 30, kuanzia 1979 hadi 2009, wakavisafisha na kuvihesabu. Matokeo yao ya mwaka 2011 yalionyesha kuwa joto la Kericho lilipanda kwa takriban sehemu mbili za kumi za nyuzi moja kila miaka kumi.

Kwa miaka mingi wakubwa walibishana katika majarida ya ng'ambo, na karani wa hapa Kericho alikuwa akitoka kila asubuhi na daftari lake kusoma kipimajoto. Nakiri kwamba jambo hilo hunifurahisha hadi leo.

Lakini usikimbilie kusema kuwa joto lilishinda kesi. Malaria ya Kericho ilipanda, kisha ikashuka tena ikawa chini, ingawa joto liliendelea kupanda. Dawa mpya na vyandarua vilikuwa vimeenea nchini. Aidha, uchunguzi uliofanywa katika mashamba ya chai na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kusafiri kulikuwa kunaongeza hatari ya kuugua malaria. Anayejua maisha ya mashambani hashangai. Mfanyakazi akipata likizo huenda kwao, na kwao kwaweza kuwa kando ya Ziwa. Huenda huko na watoto, hulala bila chandarua kwa sababu kilibaki Kericho, na kurudi na homa.

Sasa hesabu, msomaji, ni elimu ngapi zimetumika hapo. Yuko wa wadudu, wa hali ya hewa, wa takwimu, wa dawa, wa sera inayoamua dawa ibadilishwe lini, na mtu wa kuuliza wafanyakazi huenda wapi wakati wa likizo na kwa nini. Daktari kama mimi ndiye aliyeandika jina la mgonjwa kwenye rejista. Kazi muhimu, ndiyo, lakini angeachiwa peke yake angeendelea kugawa klorokwini.

Mfano wa pili uko Bomet, nao bado haujapata jibu. Hospitali ya Tenwek imekuwa ikiwapokea wagonjwa wengi wa saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Ripoti ya mwaka 2010 ilieleza kuhusu wagonjwa 109 wenye umri wa miaka 30 au chini waliopatikana na ugonjwa huo hapo kati ya 1996 na 2009. Kwingi duniani ni nadra kuuona katika umri huo. Sababu zinazotajwa ni nyingi: pombe, tumbaku, lishe, mursik, historia ya familia, na chai inayonywewa ikiwa moto sana. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilitangaza kwamba vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 huenda vinaleta saratani ya umio. Mama aliposikia hivyo aliguna. Huku kwetu chai isiyounguza ulimi huonekana kama dharau kwa mgeni. Nani atawashawishi watu wabadilike, na kwa maneno gani? Mimi ninayekutana na mgonjwa wakati hawezi kumeza hata uji nimekwisha kuchelewa.

Hapo binti alianza kutabasamu. Basi nikamgeukia yeye, maana kozi hii ina upande wake mbaya na sikutaka auone akiwa mwaka wa nne.

Hatari ya kwanza ni kujua kidogo kuhusu kila kitu. Nimewafahamu vijana wenye shahada za namna hii wanaoweza kuzungumza saa nzima juu ya umaskini na afya, lakini ukiwapa rejista ya kliniki na kuwaomba wakuambie kama homa imeongezeka wanakwama. Nilimwambia: binti yangu, chagua chombo kimoja ukishike barabara. Kiwe takwimu, au hesabu za gharama, au uchoraji wa ramani, au ustadi wa kuwahoji watu katika lugha yao. Mengine yatakuwa kando yake.

Hatari ya pili ni ya kisheria. Shahada hii haikupi leseni ya kutibu. Aidha, usidhani utakuwa afisa wa afya ya umma kwa sababu tu neno afya limo katika jina la kozi. Maafisa hao husajiliwa na baraza lao lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, na ni kwa baraza hilo utakapojua kama kozi yako inatambuliwa. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, uliza mambo mawili: je, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu imeidhinisha kozi hii? Na baraza husika linaitambua? Omba majibu kwa maandishi.

Ya tatu ni kazi. Kwa muda mrefu vijana wa kozi hizi walitegemea mashirika yanayofadhiliwa kutoka nje, na Kericho ilikuwa na kazi nyingi za namna hiyo katika vita dhidi ya Ukimwi. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada yake, wengi nchini walipoteza ajira kwa wiki chache tu. Serikali za kaunti, ambazo ndizo zimesimamia hospitali zetu nyingi tangu 2013, zinawahitaji watu wa kusoma takwimu na kupanga bajeti. Ila kuhitaji na kuajiri ni mambo mawili, na sitamdanganya mtu hapo.

Mama alisikiliza yote hayo kimya, kisha akauliza swali nililotarajia aanze nalo. Alitaka kujua kama hiyo karo si afadhali amlipie binti kozi ya uuguzi katika chuo cha utabibu. Nilimwambia kwamba hilo si wazo baya hata kidogo. Muuguzi ana leseni mkononi, na anaweza kusomea haya mengine baadaye. Binti alinitazama kana kwamba nimemsaliti.

Juzi alirudi peke yake. Alikuwa ameipata orodha ya masomo ya miaka yote minne na kuipigia mstari kwa kalamu nyekundu: takwimu zinafundishwa muhula mmoja tu. Ameandikia chuo kuuliza kama wanafunzi huruhusiwa kuongeza masomo ya takwimu kutoka idara nyingine. Nafasi ya kubadilisha kozi inafungwa Ijumaa, na hadi ninapoandika hajajibiwa.